Mwakilishi wa Mwili wa Waziri

Jina la nchi hii silitaji. Msidhani naogopa, la! Mwenye dhamana ya kulitaja yuko safarini, na mwakilishi wake bado hajateuliwa. Akiteuliwa atawaambia. Kwa sasa toshekeni na kujua kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Afya na Ukakamavu yenye ghorofa nyingi na lifti moja inayopanda tu, kwa kuwa wenye kupanda wana haraka kuliko wenye kushuka.

Watu wake ni wastaarabu kupita kiasi, na ustaarabu wao mkubwa ni huu: mtu mkubwa haendi mahali. Hutuma mwakilishi. Ukimwalika mkuu wa wilaya kufungua kisima, atakuja katibu tarafa kusema mkuu ana udhuru. Katibu tarafa akiwa na udhuru, atakuja mtendaji wa kata. Mtendaji akibanwa, atakuja balozi wa nyumba kumi, asome hotuba ya mkuu wa wilaya tangu "itifaki imezingatiwa" mpaka "asanteni kwa kunisikiliza", na watu watampigia makofi mkuu wa wilaya. Mwaka mmoja mgeni rasmi alifika mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye mahafali ya shule. Jamani! Mwalimu mkuu alizimia. Kiti cha mgeni rasmi hakikuwepo. Kilikuwepo cha mwakilishi tu.

Ustaarabu huo ulianzia juu, ukateremka kama maji, hadi ukafika Kituo cha Afya cha Mwembetogwa. Daktari wa pale alikwenda semina. Semina ikazaa semina. Lakini hakuwa mtu wa kuwatupa wagonjwa wake. Aliacha koti lake jeupe likining'inia kwenye kiti, limwakilishe. Wagonjwa wakawa wanakaa kwenye benchi refu la barazani, wanaingia mmojammoja, wanaliamkia koti, wanaeleza maumivu yao. Upepo wa dirishani ukilitikisa, muuguzi husema, "Umeshapokewa. Sasa subiri." Nao hurudi benchini wakasubiri, na wengine, tuseme kweli, hupona.

Mzee Mapande, fundi cherehani, hakupona. Alifika pale presha imempanda, jasho linamtoka, mkono wa kushoto mzito. Aliliamkia koti kwa adabu zote. Alilisifu hata, maana alikuwa mtu wa fani: alisema pindo lake limeshonwa na mtu anayeijua kazi. Koti likatikisika, akapokewa. Akarudi benchini, akaegemea bega la mkewe, Bi Hadia, na akasubiri pale mpaka roho ikamtoka. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisikitika sana, kisha wakasogea.

Bintiye Zuwena alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo. Alilia hadi sauti ikakauka, na kilio kilipokwisha ikabaki hasira. Akajiapiza kwamba benchi lile halikalii, yeye wala mama yake, wamebeba presha ya ukoo au hawakuibeba.

*

Basi ndipo alipoanza. Kila alfajiri Zuwena alivaa raba zake za mtumba, akajifunga kilemba, akazunguka uwanja wa shule ya msingi mpaka mbuzi wa pale wakamzoea. Chakula chake kikawa ugali wa dona, matembele, maharage, dagaa wa kuchemsha, na parachichi likipatikana. Soda alizisusa. Sukari akaipunguza mpaka chai yake ikawa haina tofauti na maji ya kuoshea vikombe, kwa maneno ya mama yake.

Bi Hadia alikuwa muuza vitumbua, na mtu anayeishi kwa mafuta ya kukaangia hawezi kufurahi kuona mwanawe anayakimbia.

"Nani anakufukuza, mwanangu?" alimuuliza kila alfajiri, kajiinamia jikoni.

"Presha, mama."

"Hee! Presha haikimbizani na mtu. Yenyewe inakungoja hapa hapa nyumbani, imekaa kitako."

"Ndiyo maana natoka. Na wewe mama, chumvi punguza."

"Chumvi nimekula nyingi kuliko wewe, na sijakuomba unipimie."

Majirani nao hawakukosa la kusema. Katika nchi ile mtu akinenepa huambiwa amependeza, akipungua huulizwa amefiwa na nani. Walimwonea huruma Zuwena. Mmoja alimletea hirizi, mwingine mchumba. Yeye aliwashukuru wote, akaendelea kukimbia. Kilichomtia hofu hakikuwa maneno ya watu. Asubuhi moja alimwona mama yake amesimama mlangoni, ameshika mwimo kwa mikono miwili, amefumba macho. Alipoulizwa, Bi Hadia alisema anasikiliza kama vitumbua vimeiva.

*

Wakati huohuo Mkuu wa Nchi alipiga picha ya pamoja na mawaziri wake. Mpiga picha alirudi nyuma ili wote waenee, akarudi tena, akarudi tena, mpaka akatumbukia mtaroni, na bado mawaziri wawili walibaki nje ya picha. Nchi jirani zilicheka. Mkuu akakasirika, akatoa tamko: kila waziri atakimbia kila asubuhi, atakula mboga za majani, na atapimwa mbele ya umma kwenye Siku ya Ukakamavu. Atakayepungukiwa afya, atapungukiwa na wizara.

Aliyeshtuka kuliko wote ni Waziri wa Afya mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mshamu Ndororo. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na ulipokelewa kwa niaba yake na dereva. Tumbo lake lilikuwa likiingia mkutanoni kabla yake, likipokewa kwa nyimbo, naye akifuata. Methali aliyoipenda ni ile ya mtaka cha mvunguni sharti ainame, ingawa mwenyewe alikuwa ameacha kuinama siku nyingi, na kamba za viatu alifungiwa. Kwenye mikutano ya hadhara alikuwa na neno lake moja linalojulikana: "Wananchi wangu, ninapokula mimi, nakula kwa niaba yenu! Nikishiba, mmeshiba!" Na wananchi hujipapasa matumbo kuona kama ni kweli.

Sasa siku ile ya tamko, msafara wake ulikuwa unajikokota kwenye mashimo ya barabara ya Mwembetogwa, ving'ora vinalia, mara binti mmoja mwenye raba za mtumba akaupita. Akaupita msafara wa Waziri! Katibu wa Itifaki, Bwana Mapunju, mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, akashusha kioo.

"Binti! Hebu ngoja! Unakimbia kwa niaba ya nani?"

"Yangu mwenyewe," akasema Zuwena, akihema.

"Yako mwenyewe?" Mapunju alicheka mpaka akatoa leso. "Yaani miguu yako, pumzi yako, na faida yote yako? Huo ni ubinafsi, binti. Nchi haijengwi hivyo. Ingia garini."

Zuwena akaingia, na kabla ya jua kukolea alikwisha teuliwa kuwa Mwakilishi wa Mwili wa Waziri. Akasimamishwa mbele ya meza kubwa ya Mheshimiwa, ambaye alikuwa akimalizia supu.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwili wangu," akajibu Waziri kwa upole. "Kuanzia leo ukikimbia wewe, nimekimbia mimi. Ukila mboga, nimekula mimi. Mimi nitabaki na kazi ngumu ya kula hivi vingine."

Zuwena alitaka kucheka, lakini akamkumbuka mama yake mlangoni. Akajikaza.

"Nitakimbia, Mheshimiwa. Ila nina ombi moja tu, na bila hilo siwezi. Kituo cha Mwembetogwa hakina daktari. Baba yangu amefia benchini, na mama yangu ana dalili zilezile. Kule daktari ni koti."

"Koti?"

"Koti, Mheshimiwa. Kuukuu, limechakaa kwenye viwiko."

Waziri aliweka kijiko chini. Machozi yalimlengalenga, na sidhani kama ni pilipili peke yake. "Mapunju! Unasikia aibu hii? Wananchi wangu wanahudumiwa na koti lililochakaa! Shughulikia."

"Limeshughulikiwa, Mheshimiwa," akasema Mapunju, bila kuinuka kitini.

*

Zuwena akavalishwa jezi yenye picha ya Waziri kifuani, pana ya kutosha picha hiyo, hata ikamfika magotini. Alfajiri alikimbia huku pikipiki mbili za polisi zikimtangulia. Watu waliokuwa wakimwita Zuwena tangu anazaliwa sasa walisimama pembeni ya barabara na kumwamkia, wazee kwa vijana, "Shikamoo, Mheshimiwa!" Wengine walimkimbilia na malalamiko ya maji. Hata mbuzi wa uwanja wa shule waliondolewa kwa sababu za kiusalama.

Mchana alipelekwa kula. Waziri na mwakilishi wa mwili wake walikaa meza moja, wakitazamana. Mbele ya Waziri kulikuwa na mbavu za mbuzi, chapati, na pilau ya kushikiza. Mbele ya Zuwena kulikuwa na matembele.

"Tafuna vizuri," Mheshimiwa alimhimiza, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Jana ulimeza harakaharaka, tumbo likanisumbua usiku kucha."

"Hayo ni mafuta, Mheshimiwa. Ungepunguza."

"Nipunguze mara ngapi? Si unapunguza wewe? Hebu acha hiyo chumvi! Unajua kabisa kwamba nina presha."

Na kadiri Zuwena alivyokula mboga, ndivyo Mheshimiwa alivyojisikia huru. Zamani alikuwa akiacha chapati moja sahanini kwa kuogopa daktari. Sasa alikuwa anaomba nyingine, akimtazama binti na kumwambia, "Kesho nizungushe uwanja mara moja zaidi." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na wahenga hawakumwona Mheshimiwa akiagiza biriani.

Mara Zuwena akaugua malaria. Wizara nzima ilitaharuki. Kikao kiliitishwa, na Mapunju akatoa hoja nzito: kama mwili unamwakilisha Waziri katika uzima, basi kwa heshima na utu, Waziri hana budi kuuwakilisha mwili katika maradhi. Uwakilishi ni njia ya pande mbili. Basi Mheshimiwa akapanda ndege kwenda ng'ambo kutibiwa malaria ya Zuwena, akafuatana na mke, watoto, na shemeji wawili wa kushika chandarua. Zuwena alibaki kwenye jamvi la mama yake, akitetemeka, akinywa uji wa ndimu na vidonge vya duka la jirani. Mheshimiwa alirejea amenona, akatangaza kwamba binti amepona. Na kweli binti alikuwa amepona, hivyo hakuna aliyekuwa na la kubisha.

*

Siku ya Ukakamavu ikawadia. Uwanja wa taifa ulifurika. Mawaziri wote walikaa vitini chini ya turubai, na wawakilishi wa miili yao wakasimama uwanjani juani, vijana tupu, wembamba na wepesi, maana siri ya Mheshimiwa Ndororo ilikuwa imeibwa na wizara zote. Madaktari bingwa walimpima Zuwena presha, sukari, mapigo ya moyo, wakatazamana kwa mshangao, wakatangaza kwenye kipaza sauti:

"Mheshimiwa Waziri wa Afya ana moyo wa msichana wa miaka ishirini na tatu!"

Uwanja ulilipuka. Mheshimiwa akainuka kwenda kuchukua medali. Ngazi za jukwaa zilikuwa chache, lakini alizipanda kwa kituo, akisimama kila moja na kuinua mkono kama anayewapungia watu, kumbe anatafuta hewa. Alipofika juu midomo ilikuwa imemgeuka rangi. Zuwena aliiona rangi ile. Aliijua. Ndiyo aliyokuwa nayo baba yake pale benchini. Akamnong'oneza Mapunju kwamba Waziri apimwe mwenyewe, sasa hivi.

"Ameshapimwa," Mapunju akamjibu kwa mshangao wa kweli. "Ulisimama wapi wewe wakati unapimwa?"

Mheshimiwa akahutubia. Alisema taifa lenye afya huanza na kiongozi mwenye afya. Kisha, kwa kuwa minong'ono ilikuwa imemfikia Mkuu wa Nchi kuhusu gharama za ile malaria ya ng'ambo, akapiga meza ngumi: "Na kuanzia leo, ni marufuku mgonjwa kukimbilia ng'ambo kiholela! Kila mgonjwa aanzie kituo cha afya cha kwao, aonwe na daktari wa kwao, apewe rufaa! Awe nani, awe na cheo gani, hakuna kuruka ngazi!" Watu walipiga makofi mpaka mikono ikawasha, kwa kuwa wao hawakuwa wameruka ngazi yoyote tangu wazaliwe.

Akamalizia kwa habari njema. Ahadi yake kwa wananchi wa Mwembetogwa imetekelezwa.

Zuwena hakungoja wimbo wa taifa uishe. Alikimbia njia nzima na jezi ikimpiga magotini, akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Kituoni alikuta watu wamejaa barazani, na mama yake miongoni mwao, ameketi benchini. Ameketi kwenye benchi lile! Zuwena akapasua watu, akaingia ndani.

Kando ya koti la zamani, kwenye kiti kipya kilichofunikwa nailoni, lilining'inia koti jipya, jeupe pepepe, limepigwa pasi na kutiwa wanga. Mfukoni lilikuwa hata na kile chombo cha kusikilizia moyo.

"Tumeletewa bingwa," akasema muuguzi.

Bi Hadia akamshika mwanawe mkono. "Nimekuja mara moja tu, mwanangu, kichwa kinaniuma kidogo. Nimeshapokewa na yote mawili."

Zuwena alihisi hasira mpaka masikio yakamvuma. Alimwinua mama yake, akampeleka nyumbani. Kisha akaivua ile jezi, akaitupa jikoni kwenye kuni, akavaa fulana yake kuukuu, akatoka mbio kuelekea uwanja wa shule. Alikimbia kwa ajili yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu alipoteuliwa, huku akilia na kutukana, na kila aliyemtukana alistahili. Hakumaliza mzunguko. Pikipiki za polisi zikamziba njia.

"Simama! Unakwenda wapi na mwili wa Waziri?"

*

Akapelekwa moja kwa moja kwenye karamu ya medali, akakalishwa mahali pake, mbele ya bakuli la kachumbari. Mheshimiwa hakumkemea. Alikuwa na furaha, na sahani yake ya tatu ya pilau ilikuwa mbele yake na medali ikining'inia karibu na mchuzi. Akanyanyua kijiko, akakishusha. Akashika kifua. Akateleza kitini taratibu, akalala chali kwenye zulia, tumbo likiangalia taa.

Madaktari bingwa walikuja mbio. Wakamrukia Zuwena. Mmoja akamshika mkono, mwingine akamsikiliza moyo.

"Yuko salama!" wakatangaza. "Mheshimiwa yu buheri wa afya!"

"Mimi!" ilitoka sauti nyembamba zuliani. "Mimi huku!"

"Usijitie wasiwasi, Mheshimiwa," daktari mmoja akamwinamia. "Vipimo vyako ni vizuri mno. Ni hofu tu."

"Mpimeni yeye!" Zuwena akapiga kelele. "Baba yangu alianza hivihivi! Mpimeni mwenye ugonjwa, jamani!"

Walimpima, kwa shingo upande na kwa sharti kwamba vipimo visiwe rasmi. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Upasuaji ulihitajika, tena upesi. Ndege ikawashwa. Ndipo Mapunju alipoinua kidole.

"Waheshimiwa, tusikiuke itifaki. Kisheria mwili wa Waziri ni huyu binti. Tumempima huyo, medali tumeipata kwa huyo, mbele ya Mkuu wa Nchi. Tukimpasua huyu wa kwenye zulia, tutakuwa tumempasua nani?"

Madaktari wakanong'onezana, wakaafiki. Dakika hiyohiyo Zuwena akaambiwa asile wala asinywe, atapasuliwa kifua kwa niaba ya Mheshimiwa.

Bi Hadia aliletwa aje kumuaga mwanawe. Hakuaga mtu. Aliingia ukumbini na mwiko wa vitumbua mkononi.

"Kifua cha mwanangu kizima, mnafungua kutafuta nini? Eti nini? Kama mnataka kufungua, nifungueni mimi muone uchungu niliomzaa nao! Mume wangu mmempokea akafa, sasa na huyu?" Akaketi chini palepale, mwiko mapajani, akilia bila kuficha uso.

Zuwena alimtazama mama yake, akamtazama Mheshimiwa pale zuliani, ambaye kijasho kilikuwa kinamtoka na macho yamemtoka kwa woga wa kweli, woga wa mtu yeyote. Akasimama. Akakumbuka kwamba amezaliwa na kukulia katika nchi ile, na desturi zake anazijua.

"Nashukuru kwa heshima mliyonipa," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni. "Itifaki imezingatiwa. Lakini kwa masikitiko, mimi sitaweza kuhudhuria upasuaji huo. Nina udhuru."

Katika nchi ile udhuru hauhojiwi; kumhoji mtu udhuru wake ni kama kumchungulia bafuni.

"Unawakilishwa na nani?" Mapunju akauliza, na leso ikaanza kumtoka mfukoni.

"Na Mheshimiwa Waziri. Malaria yangu aliniugulia yeye, na aliniugulia vizuri. Kila siku anatuambia anakula kwa niaba yetu. Basi na hili alipokee kwa niaba yangu."

Hata mimi ninayesimulia sikuona kosa hapo, na Mapunju, mwanaitifaki aliyebobea, hakuliona. Uwakilishi ni njia ya pande mbili. Yalikuwa maneno yake mwenyewe. Madaktari walipiga makofi. Mheshimiwa, zuliani, alitikisa kichwa kukubali kwa nguvu zote zilizobaki, akanong'ona, "Ndege... ndege..."

Mapunju alikuwa ameshika mlango wa ndege tayari kichwani mwake. Akasita. Mtu wa itifaki hawezi kujizuia, ni kama mwenye kikohozi.

"Mheshimiwa anakwenda kwa niaba ya nani?" akajiuliza kwa sauti. "Kwa niaba ya Zuwena binti Mapande. Mkazi wa wapi? Mwembetogwa. Na mgonjwa wa Mwembetogwa..." Ukumbi mzima ukammalizia kwa mazoea, kwa sauti moja, kama watoto wa shule, maneno waliyoyasikia mchana uleule na kuyapigia makofi:

"...huanzia Mwembetogwa! Hakuna kuruka ngazi!"

*

Barabara ya Mwembetogwa ina mashimo, nilishasema. Mheshimiwa alifikishwa akiwa hai, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Bi Hadia, ambaye hawezi kumwona mgonjwa amesimama hata kama mgonjwa huyo ni serikali, alilifuta benchi kwa ncha ya khanga yake, akamsogezea nafasi. Waliokuwepo wakabanana. Hakuna aliyemwita Mheshimiwa, maana alikuwa amekuja kwa niaba ya Zuwena, walimwambia tu, "Karibu, binti, kaa."

"Daktari yuko wapi?" Waziri aliuliza, akihema. "Nahitaji rufaa tu. Saini moja."

"Wako ndani," akasema muuguzi. "Wote wawili. Wewe una bahati, zamani alikuwa mmoja."

Zuwena alimshika mkono akamwingiza. Mheshimiwa akasimama mbele ya makoti mawili. La zamani hakulijua. Lile jipya aliliona mara moja, maana lilikuwa bado na kijikaratasi cha wizara yake begani. Akaligusa mkono, ukabonyea. Akageuka akamtazama Zuwena, mdomo umemfunguka, na Zuwena akaona kwamba ameelewa. Alikuwa ameisubiri siku ya mtu huyu kuelewa. Sasa alimwonea huruma, akajichukia kwa kumwonea huruma, na bado hakumwachia mkono.

"Wasalimie kwanza," akamwambia. "Baba yangu aliwasalimia."

Mheshimiwa Dokta Mshamu Ndororo akainama. Aliinama polepole, kwa shida, tumbo likimkatalia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Shikamoo, daktari," akasema.

Upepo ukaingia dirishani, koti jipya likatikisika kidogo kwa wanga wake. Zuwena akamrudisha barazani, akamkalisha kati yake na mama yake, kwenye benchi ambalo alikuwa ameapa kutolikalia. Bi Hadia akamtazama uso, akampa bega lake aegemee.

"Haya, baba," akamwambia. "Umeshapokewa. Sasa subiri."